Tamaa na Tumaini: Kuusoma Mchezo wa Kinjeketile katika Siku za Kwaresima

Kila mwaka, majivu yakiisha kupakwa katika vipaji vya nyuso, mwalimu wa dini katika nchi ya Rufiji na Kibiti huanza kutafuta mifano ya kufundishia. Mifano ya vitabu vya ng'ambo, yenye theluji na mizabibu, haimfikii sana mtoto wa Nyamisati au wa Mohoro, ajuaye mpunga, mikoko na mto. Basi mwalimu hutazama karibu, na karibu aona habari ya Maji Maji. Nchi hii ndiyo iliyoizaa habari hiyo, nayo imeandikwa upya katika mchezo wa Ebrahim Hussein uitwao Kinjeketile, uliotolewa mwaka 1969, ambao walimu wengi wameusoma wakiwa shuleni.

Hapo ndipo huzaliwa mfano wetu wa kila Kwaresima. Mhubiri husema: watu wa kale walitumainia maji ya mganga, wakafa kwa risasi, sisi twatumainia maji ya ubatizo, nasi tutaishi. Wasikilizaji huitikia, watoto hucheka kidogo, na mahubiri huendelea. Nimeusikia mfano huu mara nyingi, katika madhehebu zaidi ya moja, hata nikaona yafaa kuupima katika kurasa hizi, ambazo kazi yake ni kupima maneno na desturi. Maoni yangu ni kwamba mfano huu ni wa uvivu. Haukisomi kitabu, hauwatendei haki wafu, na, jambo lililo zito zaidi kwa mwalimu wa dini, hauielezi Kwaresima yenyewe.

Kwanza tukumbushane habari ilivyokuwa. Kinjikitile Ngwale alikuwa mtu wa Ngarambe. Mwaka 1904 ilisemekana amepagawa na pepo Hongo. Wazee walisimulia kwamba aliingia katika kidimbwi, akatoka siku ya pili naye ni mkavu. Watu walimwendea kwa makundi kutoka pande nyingi wapate dawa, nayo ilikuwa maji pamoja na mafuta ya mbarika na punje za mtama. Mwisho wa Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba ya kulazimishwa, na vita vikaanza. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile hapo Mohoro, vita vikiwa bado vichanga. Siku kumi baadaye, tarehe 14 Agosti, Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini, pamoja na mabruda wawili na masista wawili, waliuawa njiani walipokuwa wakisafiri kutoka Kilwa kwenda Peramiho. Vita viliendelea hata mwaka 1907. Waliokufa kwa risasi hawakuwa wengi kama waliokufa kwa njaa, kwa maana majeshi ya serikali yalichoma mashamba na ghala makusudi. Wajerumani wenyewe walikubali hesabu ya watu 75,000, mwanahistoria G. C. K. Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000.

Mchezo wa Hussein haukuandikwa uwe kumbukumbu ya mambo hayo yote, na mtungaji mwenyewe alieleza kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia barabara. Hata jina amelibadili kidogo. Msomaji akiutafuta ukweli wa tarehe ataukosa, lakini akiutafuta ukweli wa mtu aliyewapa wenziwe tumaini, kisha akaona uzito wake, ataupata.

Mchezo waanza na wanawake na shida za nyumbani, nao wanaume wametolewa kwenda kutumikia shamba la Bwana Kinoo. Makabila yashukiana, na kila mmoja ataka mwingine aanze. Ndipo Kinjeketile avutwa majini, arudi akiwa na neno: kuna maji yatakayowaunganisha na kuwakinga. Watu washangilia. Walakini katika maneno yale ya pepo limo jambo moja ambalo halikusikika vema wakati wa furaha, ya kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Kinjeketile akirudiwa na akili zake alisikia jambo hilo kwa masikio mapya, akatetemeka. Je, amewatoa watu katika mkono wa bwana mmoja awatie katika mkono wa bwana mwingine? Tangu hapo hana raha. Ataka watu wangoje. Kitunda, rafiki yake na mkuu wa vita, aiona shaka yake. Lakini neno limekwisha kutoka kinywani, limekua, nalo halimsikii tena aliyelisema. Watu waenda vitani bila ya yeye kuwapa ruhusa, wafa.

Mwisho ni gerezani. Kinjeketile amepigwa. Aambiwa kwamba akisema maji yalikuwa uongo atapona. Kitunda amsihi aseme, maana sasa wote wawili wajua kwamba maji hayakuzuia risasi. Naye akataa. Sababu yake si kwamba bado aamini maji. Sababu yake ni kwamba akisema hivyo kwa kinywa chake, Wajerumani watalichukua neno hilo na kuwaambia watoto kwamba baba zao walikosea kuutaka uhuru. Maji yalikuwa si kweli, bali haki waliyoidai ilikuwa kweli. Na yule bwana ataka akiri la kwanza ili limfute la pili.

Sasa na tuuweke mfano wetu wa mimbarini kando ya ukurasa huo. Mfano wasema kwamba Kinjeketile ni mtu wa tumaini la uongo. Mchezo wasema kwamba yeye alianza na tumaini la kutokufa, akamaliza na tumaini la namna nyingine, ambalo halimpi yeye faida yoyote, nalo ampasa alilipie kwa mwili wake. Mhubiri aliyesoma nusu ya kwanza tu ameiacha nusu yenye mafundisho.

Lugha yetu ina msaada hapa, tukiitumia kwa uangalifu. Tuna maneno mawili yanayokaa jirani. La kwanza ni tamaa, ambalo ni kutaka kitu hata moyo ukakivuta kwa nguvu. Nalo twalitumia kwa mema na kwa mabaya. La pili ni tumaini, nalo kwa asili yake ya Kiarabu latokana na kutulia moyo na kuwa na hakika. Mwenye tamaa hana utulivu mpaka apate. Mwenye tumaini ametulia kabla ya kupata, na hata akiona kwamba hatapata yeye. Tena Kiswahili chafanya jambo la ajabu: mtu akivunjika moyo kabisa twasema amekata tamaa. Basi katika Kwaresima twamwambia Mkristo azikate tamaa zake, na papo hapo twamwambia asikate tamaa. Mtoto wa darasa la tano aweza kuuliza, Mwalimu, nifanye lipi? Swali hilo si la mzaha. Jibu lake ndilo Kwaresima nzima: kwamba kuna mambo ambayo mtu ayaachilia ndipo aone kama alikuwa na tumaini, au alikuwa na tamaa tu.

Watu waliokwenda vitani na maji walikuwa na tamaa ya haki kabisa, tamaa ya kurudi nyumbani wazima. Hakuna anayeweza kuwalaumu. Lakini mtungaji ameona kwamba ahadi ya kutoumia haiwezi kuibeba kazi ya kudai haki, maana risasi ya kwanza yaivunja. Linalobaki baada ya risasi ya kwanza ndilo tumaini, kama lilikuwapo.

Na tazameni Injili inayosomwa Jumapili ya kwanza ya Kwaresima. Mjaribu amchukua Bwana juu ya kinara cha hekalu, amtaka ajitupe chini, kwa kuwa malaika watamdaka asiumie. Hayo ni maji ya Ngarambe kwa jina jingine. Ni ahadi ile ile ya kwamba mwili wa aliyechaguliwa hauumizwi. Bwana alikataa, na kwa kukataa huko alianza safari iliyomfikisha Msalabani, ambapo walimdhihaki kwa sababu hakujiokoa. Kama tukitaka kulinganisha, basi kulinganisha kwa haki si kati ya maji ya mganga na maji yetu. Ni kati ya tumaini lolote linaloahidi kutoumia, liwe la mganga au la kanisa, na tumaini lililokataa ahadi hiyo pale juu ya kinara.

Nasema liwe la kanisa, maana hatuna haki ya kucheka. Siku hizi maji ya upako na mafuta ya upako yauzwa na kugawiwa katika miji yetu, na watu wayanyunyiza penye milango ya maduka na katika vyombo vya safari, wasipatwe na lolote. Tarehe 1 Februari 2020, huko Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana katika mkutano wa sala, walipokimbilia kupita juu ya mafuta yaliyobarikiwa. Hao walikuwa Wakristo, tena hawakuwa wajinga kuliko watu wa mwaka 1905. Walikuwa na shida zao, wakaahidiwa njia ya mkato. Mhubiri wa Kwaresima asiyeyataja hayo, akayataja ya Kinjikitile tu, amechagua mahali pasipomgharimu kitu.

Nataka niseme pia juu ya upande wa pili, maana kosa halikai mimbarini peke yake. Wako wanaoutumia mchezo huu kumfanya Kinjeketile awe kama masiya wa nchi, aliyekufa kwa ajili ya wengi. Hilo nalo halimo kitabuni. Hussein hakuficha kwamba neno la Kinjeketile liliwaua watu walioliamini, na kwamba yeye aliijua shaka yake asiiseme hadharani mapema. Kifo chake chaheshimika, lakini hakiwarudishi waliotangulia kufa kwa neno lake. Mkristo asome hapo tofauti bila kelele: Bwana hakumtuma mtu mbele yake akajaribu mauti kwanza. Alikwenda mwenyewe kwanza, na usiku ule bustanini aliomba wanafunzi wake waachwe waende zao. Mpeni mwanafunzi tofauti hiyo moja, naye atayaelewa mengine yote.

Hapo twafika katika neno lenyewe. Kifo cha namna hii tukiiteje? Maneno yetu ni mengi, na wahubiri wetu huyachanganya kama mboga.

Sadaka ni neno pana. Kwa jirani zetu Waislamu ni tendo la huruma kwa mhitaji, nasi kanisani tumeliminya hata mtoto akisikia sadaka afikiri kikapu cha fedha. Dhabihu ni neno la Biblia zetu, latokana na kuchinja, na halisemwi sokoni; ndiyo sababu bado ni safi, lakini pia ndiyo sababu haligusi mtu asipoelezwa. Tambiko ni la kuwapa wazee waliofariki chakula na kinywaji ili undugu usikatike. Halina maana ya kufa kwa ajili ya mwingine, wala lisitumiwe hivyo. Kafara asili yake ni kufuta kosa, na mwalimu wa kale angeweza kulitumia kwa Msalaba. Lakini leo, mtu akisikia kwamba fulani ametolewa kafara, afikiri mtu aliyeuawa au kutupwa na wengine ili wao wapate mali au waokoke lawamani. Yeye hakujitoa, ametolewa. Kumwita Bwana kafara bila maelezo ni kumpa Kayafa haki.

Limebaki neno mhanga. Kujitoa mhanga lilikuwa neno zuri la kujitolea uhai kwa ajili ya wengine, na wengi wetu tulilipenda katika mahubiri ya Ijumaa Kuu. Lakini tangu mwaka 2001 redio na magazeti yamelitumia kila siku kwa mtu ajilipuaye kwa bomu akaua wasio na hatia. Na katika nchi yetu hii, ambapo kati ya miaka ya 2015 na 2017 watu wenye silaha waliwaua wenyeviti wa vijiji, askari na raia katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga, sioni kama yafaa kuwapa watoto neno lililozoea kutajwa pamoja na bunduki, liwe jina la upendo wa Bwana. Maneno nayo huugua, na neno lililougua huachwa lipumzike. Kwa shauri langu, Msalaba tuuite dhabihu, na tusichoke kulieleza neno hilo. Na tendo la mtu kwa mwenziwe tuliite kujitoa, neno jepesi ambalo kila mama alijua.

Nimetaja mama, nami hapo nina lawama moja kwa mchezo wenyewe. Mtungaji ameufungua kwa wanawake wenye shida ya nyumba isiyo na mwanamume, tena kwa ustadi mkubwa. Lakini mwisho amewaachia wanaume wawili gerezani wazungumze juu ya watoto watakaokuja. Ni nani aliyewalisha watoto hao hata wakawapo wa kuambiwa? Historia yajibu kwamba vita vilipokwisha silaha iliyoua wengi zaidi ilikuwa njaa, na njaa hupiganwa jikoni. Mwanamke aliyechimba mizizi porini mwaka 1906 akampa mtoto, yeye akanywa maji, alijitoa pasipo kuwa na neno kubwa la kulinda. Mchezo ungekuwa na uzito zaidi kama sauti zile za mwanzo zingerudi kusikika mwishoni. Sisemi haya ili kuutia dosari, maana ni mmoja wa michezo bora katika Kiswahili, bali ili mwalimu ajue ni wapi pa kuongeza.

Jambo hilo ni la kwetu hasa. Kwaresima huangukia miezi ile ambayo ghala zimepungua na mpunga mpya haujavunwa. Mwenye akiba huambiwa afunge, naye afunga. Asiye na akiba amekwisha kufungishwa na mwaka. Aprili 2024, katika siku zilizofuata Pasaka ya tarehe 31 Machi, mafuriko ya mto yalifunika mashamba na nyumba katika Rufiji na Kibiti, na watu wengi waliingia katika mfungo ambao haumo katika kalenda yoyote. Mbele ya watu hao mhubiri asiseme kwamba kukosa ni dhabihu. Kukosa ni kukosa. Kujitoa ni pale mtu mwenye kibaba kimoja cha mbegu aionapo njaa ya jirani, akagawa, akabaki na hofu ya msimu ujao na tumaini lake katika moyo huo huo.

Jirani zetu Waislamu walijua hayo kabla ya sisi kufika, na walio wengi katika delta ni wao. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, siku chache tu baada ya mwezi wa Ramadhani kuandama, hata nyumba mbili zilizopakana zikawa zafunga pamoja, moja kwa saumu na moja kwa Kwaresima, neno tulilolipata kwa Wareno. Mwalimu mwenye busara hakosi kuonyesha hapo kwamba kufunga ni lugha ambayo jirani aielewa, ijapokuwa sababu zetu si zile zile.

Basi, ndugu walimu, shauri langu ni jepesi kufuatwa. Mfano ule wa maji mawili tuuache. Badala yake, katika juma moja la Kwaresima, wanafunzi wakubwa na wasome kwa sauti kipande cha mwisho cha mchezo, kile cha gerezani, kisha waulizwe: Kinjeketile aliamini nini mwanzo, na aliamini nini mwisho? Nani alilipa kwa neno lake la kwanza, na nani alilipa kwa neno lake la mwisho? Halafu wasomewe habari ya kinara cha hekalu, bila maelezo mengi, waachwe wanyamaze.

Na tunapowaombea wafu wa Agosti 1905, kama makanisa mengine yafanyavyo kwa kumkumbuka Askofu Spiss na wenziwe, tusiogope kutaja pia Mohoro, na wale waliokufa njaa ambao majina yao hayakuandikwa. Kuwaombea si kusema kwamba vifo vyote vilikuwa na maana moja. Ni kukubali kwamba walikufa katika vita vile vile na nchi moja, na kwamba watoto tunaowapaka majivu ni wajukuu wa upande uliokuwa na maji. Mtoto akicheka katika mfano wetu, amemcheka bibi wa bibi yake, wala hakuna aliyemwambia.